Maji ya Viazi

Mambo yaliharibika Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mzee Boila hakubahatisha saa hiyo. Aliisoma kwenye saa ya ukutani ya kantini, ile iliyotundikwa na Mama Ratiba ili wafanyakazi waone wenyewe wanaiba dakika ngapi. Zamani mapumziko ya chai yalikuwa dakika ishirini. Siku hizi ni kumi na mbili, na katika hizo kumi na mbili utoe foleni, utoe na kusubiri kijiko cha sukari, maana kijiko ni kimoja tu na kimefungwa mnyororo mezani kama mbwa mkali. Kiwanda kinafua mashuka ya hospitali tatu na hoteli lukuki, lakini wakubwa wanaogopa kuibiwa kijiko.

Basi alikaa na kikombe chake na kipande cha mkate. Mkate wenyewe ulikuwa mgeni pale. Mwezi uliotangulia wakubwa walileta oveni mpya, wakapigwa picha wamesimama mbele yake kana kwamba wameizaa, wakatangaza kwamba kuanzia sasa kantini itaoka yenyewe. Mzee Boila hakuwa na haja na mkate wa wakubwa. Siku hiyo alichukua kwa sababu tu alitoka nyumbani bila kula, bomba la jikoni lilikuwa limemwagia maji kiberiti.

Akauma. Akaacha kutafuna.

Mikate mizuri ni mingi duniani, asingeshtuka kwa uzuri. Huu ulikuwa mkate wa nyumbani kwake. Ulichanika kwa nyuzi kama pamba, ukayeyuka ulimini, na nyuma ya harufu ya maziwa na siagi ikaja harufu nyingine ndogo, ya kiazi kilichochemshwa, ambayo mtu asiyeijua hawezi kuisikia hata umuelekeze.

"Shemeji, umemeza mfupa?" Aliyeuliza alikuwa Shemeji Pasi, mpiga pasi wa ghorofa ya pili, mwenye kucheka kabla ya kusema.

"Mkate hauna mfupa."

"Basi mbona umetoa macho?"

"Onja."

"Nimeshaonja, nimekula viwili. Nilitaka hata kukwambia, huu mkate ni kama ule wa..." Hakumalizia. Kicheko kilimkauka. Yeye na marehemu mke wa Mzee Boila walikuwa wamepiga pasi mashine moja kwa miaka kumi na tisa, mmoja akiingiza shuka, mwingine akilipokea.

"Sema tu," alisema Mzee Boila. "Wa nani?"

"Wa mkeo," alisema Shemeji Pasi polepole.

Mke wake alikuwa amefariki miezi kumi na minne nyuma. Enzi za uhai wake alioka kila Jumamosi, na Jumatatu akaja kazini na vipande viwili vitatu ndani ya kitambaa. Harufu ikatangulia mbele yake ngazini. Kila mtu aliomba siri ya mkate ule. Mama Ratiba, msimamizi wa mambo yote ya wafanyakazi, mwanamke anayebandika matangazo hata mlango wa choo, aliomba mara tatu. Mara zote tatu mkewe alimjibu kwa unyenyekevu mtamu, "Mwandiko wangu mbaya, bosi, hutausoma." Akirudi nyumbani anacheka mpaka anashika mbavu. "Dakika zetu nane wamechukua," alikuwa akisema, "na mkate wangu pia wautake? Wangoje."

Siri ilikuwa maji. Unga wake hakuukanda kwa maji ya bomba wala maziwa matupu, aliukanda kwa maji yaliyochemshiwa viazi. Na kazi hiyo waligawana. Mzee Boila alimenya, alichemsha, akaopoa viazi, akamkabidhi mkewe sufuria ya maji ikifuka. Hapo mkewe humwambia, "Haya, zamu yako imekwisha. Chukua redio yako, nenda kibarazani, hapa pamekuwa padogo." Naye huenda. Akiitwa tena, mkate uko mezani. Miaka ishirini na sita ilikuwa hivyo, na kwa miaka ishirini na sita aliamini kwamba anajua kuoka ule mkate.

Wiki ya tatu baada ya mazishi aliamua kuuoka. Alimenya, akachemsha, akaopoa, akamimina maji yale yakichemka juu ya unga na hamira, akakanda huku akijiunguza vidole. Kilichotoka ni tofali. Ungempiga nalo mwizi, ungeshtakiwa kwa kuua. Jumamosi iliyofuata akarudia, tofali. Akabadilisha unga, tofali. Akabadilisha hamira, akamlaumu muuza duka, akamlaumu na waziri anayehusika na unga, popote alipo. Tofali. Lakini hakuacha, kwa sababu Jumamosi mchana binti yake alikuwa akija kumtazama, na haikufaa aje akute meza tupu.

Binti alikula. Alichovya lile tofali kwenye chai, akalishikilia humo kama anayeloweka nguo yenye doa, akalitafuna taratibu. "Mtamu, baba," alisema. Kila Jumamosi, kwa miezi kumi na mitatu, alisema hivyo hivyo.

Sasa hapa kantini, Jumanne asubuhi, kuna mtu ameuoka mkate wenyewe.

Mzee Boila aliinuka na kipande chake mkononi, akaingia jikoni ambako kuna tangazo linalosema asiyehusika asiingie. Maneno hayo aliyajua. Shule aliiachia darasa la tatu, lakini "hatari," "marufuku" na "asiyehusika" mtu wa chini hujifunza hata asipofundishwa.

Mpishi alikuwa anasugua sinia. Mtu mpole, mgeni, hana hata miezi miwili pale.

"Kaka, huu mkate umeutoa wapi?"

"Kwenye oveni, mzee."

"Najua mkate hautoki kwenye pampu. Nauliza nani kakufundisha."

"Hakuna aliyenifundisha. Mama Ratiba kanipa karatasi, akasema fuata kama ilivyo, usiongeze akili yako." Mpishi alielekeza kwa kidole chenye povu. "Ile pale. Imechorwa kama ya chekechea, lakini ukiifuata haikuangushi."

Juu ya oveni, ndani ya mfuko wa plastiki uliogandishwa ukutani kwa gundi, palikuwa na karatasi ya daftari. Mzee Boila alisogea mpaka joto la oveni likamgusa tumbo. Maneno yalikuwa machache sana. Karibu yote ilikuwa michoro, na mchoro wa kwanza kabisa ulikuwa viazi vitatu, kila kimoja na macho matatu.

Aliyahesabu yale macho, akayahesabu tena.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao mkewe alimtuma sokoni na kikaratasi. Kwa kuwa alijua kusoma kunamchosha, alimchorea: duara sita. Mzee Boila akarudi na vitunguu sita. Walicheka wiki nzima, na kiwanda kizima kikacheka kilipopata habari. Tangu siku hiyo mkewe akimchorea kiazi alikitia macho matatu, na kitunguu alikitia nywele. Hakuna mtu mwingine duniani aliyehitaji kuchorewa kiazi chenye macho. Mpishi anasoma. Mama Ratiba anasoma mpaka visivyoandikwa. Karatasi ile ilikuwa yake yeye, imeandikwa kwa ajili yake, na ilikuwa imebandikwa juu ya oveni ya wakubwa.

Akafuata michoro kwa macho. Viazi. Sufuria yenye mvuke. Kisha sufuria ile ile, haina mvuke, na kidole kimetumbukizwa ndani. Kijiko cha hamira. Vikombe vinne vya unga. Mikono.

"Hiki kidole ni nini?" aliuliza, ingawa alikuwa ameanza kuelewa.

"Ah, hapo ndipo penyewe," alisema Mpishi. "Unayaacha maji yapoe mpaka kidole kivumilie. Ukiyamimina ya moto unaiua hamira, mkate haufufuki tena. Hilo hata mtoto anajua, mzee."

Mzee Boila alikuwa amekula mshahara wa joto kwa miaka ishirini na tisa. Kule chini kwenye boila, lile tangi la mvuke unaopasha mashine zote, aliweza kuweka kiganja juu ya bomba akakwambia presha kabla hujatazama geji. Na kila Jumamosi, kwa mwaka na zaidi, alikuwa akiua hamira kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mkewe alipokuwa anasubiri maji yapoe, yeye alikuwa kibarazani anasikiliza mpira.

Alipanda ngazi kwenda ofisini.

Mama Ratiba alikuwa anabandika tangazo. "Mzee, mapumziko yamekwisha dakika tatu zilizopita."

"Ile karatasi ya mkate. Ni ya mke wangu."

"Marehemu alikuwa mchapakazi sana," alisema Mama Ratiba, kwa ile sauti ya wakubwa wanayoitoa kabatini siku za msiba. "Tunamuenzi."

"Sikuja kuenziwa. Nimekuja kuchukua karatasi yangu."

"Sasa ni mali ya kantini, mzee. Wakurugenzi wameusifu sana ule mkate. Ukitaka nitakutolea kopi, tena ya rangi."

"Aliniandikia mimi. Imekufikaje?"

Mama Ratiba alikunja midomo, akaonekana kupima. Kisha akageuza kichwa kuelekea upande wa pili wa kioo, mahali walipokaa makarani. "Kwani mimi nilivunja nyumba yako? Nilipewa. Muulize mwanao."

Binti yake, karani wa ofisi ile, alikuwa nyuma ya kioo, na kalamu mkononi. Alikuwa ameyasikia yote. Mzee Boila alimtazama, akingoja atikise kichwa, aseme huyu mama anasingizia, maana wakubwa husingizia. Angeamini neno lolote. Binti aliinamisha uso juu ya makaratasi, akaanza kuandika, na kalamu ilikuwa bado ina kifuniko.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Boila aliwahi kuusikia msemo huo mara nyingi, siku zote akimfikiria mtu mwingine.

Alirudi chini kwenye boila. Hakupiga mlango, hakutukana. Alivua kofia, akakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, akanyoosha mkono akapunguza moto. Akangoja kidogo, akapunguza tena. Sindano ya geji ikaanza kulala. Kule juu mashine za pasi zikapoa, mashuka yakatoka yamelowa vile vile yalivyoingia, na Shemeji Pasi akapiga kelele ngazini, "Shemeji, tunapiga pasi au tunapapasa?"

"Papaseni," alijibu.

Baada ya nusu saa zilisikika hatua za viatu vya visigino kwenye ngazi za chuma. Mama Ratiba hakuwahi kushuka pale tangu aajiriwe. Alikuwa akituma matangazo.

"Mzee, kuna nini? Gari la hospitali linasubiri mashuka."

"Maji yanapoa."

"Yanapoa kwa nini?"

"Yakiwa ya moto kupita kiasi yanaua. Ndivyo ilivyochorwa kwenye karatasi yako."

Jasho lilianza kumshuka Mama Ratiba kwenye poda. "Unajua hii ni barua ya onyo?"

"Andika. Ila andika kwa herufi kubwa, mimi nasoma polepole."

Akapanda. Mzee Boila alijua anapanda kupiga simu kwa wakubwa wake, na wakubwa wake watauliza kitu kimoja tu: gari la hospitali limeondoka? Wakubwa wakisikia kitu kimekwama huwa hawaulizi haki ni ya nani. Safari hii ujinga wao ulimfaa. Hazikupita dakika kumi, ule mfuko wa plastiki ukaletwa, ukiwa bado na rangi ya ukuta iliyobanduka na gundi. Mama Ratiba aliuweka juu ya pipa, hakumkabidhi mkononi.

Mzee Boila aliongeza moto kwanza. Mashuka ya wagonjwa hayakuwa na kosa. Kisha akafuta mikono, akaitoa karatasi kwenye plastiki yake, akaipapasa. Karatasi ya daftari ina kingo nne, tatu zikiwa laini na moja imechanika pale ilipong'olewa. Hii, upande wa chini, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imenyooka kama rula. Chini ya mchoro wa oveni, pale pale mkasi ulipopita, palikuwa na mistari miwili ya penseli iliyopinda, midogo, imekaa pamoja. Ilikuwa mwanzo wa kitu. Kitu chenyewe hakikuwepo.

"Kipande cha chini kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Kilichokatwa."

Mama Ratiba alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Ah. Karatasi ilikuwa ndefu, haikuingia kwenye plastiki nilipoiweka kwenye faili."

"Kilikuwa kimechorwa nini?"

"Mzee, mwaka mzima umepita. Hakikuwa cha mapishi, ndiyo maana nilikata. Nilitupa." Akapanda, visigino vikilia juu ya chuma mpaka vikanyamaza.

Jumamosi binti alikuja saa nane mchana kama kawaida yake, ila alipiga hodi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimkuta baba yake amesimama jikoni, kidole ndani ya sufuria. Karatasi ilikuwa mezani imekandamizwa na kikombe. Redio ilikuwa imezimwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Maji bado."

Binti akakaa ukingoni mwa kiti. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine. Mzee Boila alitoa kidole, akangoja, akarudisha. Hamira ikatiwa, unga ukamiminwa, na mikono ya mzee ikaanza kukanda.

"Alinipa hospitali, siku mbili kabla," alianza binti. "Aliniambia, mpe baba yako."

"Ukampa nani?"

"Mama Ratiba alikuja msibani. Akaniuliza ule mkate nani atauoka sasa. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio pale ofisini, baba, nilikuwa sijui kama watanibakiza. Nikawaza, baba hajawahi kushika unga hata siku moja. Karatasi itakaa droo, ioze."

"Wiki iliyofuata wakakuajiri."

"Ndiyo."

"Na wiki iliyofuata hiyo, mimi nikaanza kuoka."

Binti alifunika uso kwa viganja. "Nilienda kuiomba. Mara mbili. Akasema iko kwenye faili, faili limefungiwa. Sikuthubutu mara ya tatu."

Mzee Boila aligeuza donge, akalipiga, akaligeuza tena. Hasira yake alikuwa ameitayarisha tangu Jumanne, maneno ameyapanga, na sasa yalikuja mengine kabisa. "Karatasi naweza kuielewa. Mtu mwenye njaa ya kazi hufanya mambo. Wakubwa wanajua kumkamata mtu pale pembamba. Lakini umekaa hapo, kwenye hicho kiti, miezi kumi na mitatu, unakula matofali yangu. Ulijua kwa nini ni matofali. Ungesema neno moja tu, baba, poza maji."

"Sikujua hilo la maji. Nilikuwa sijaisoma."

Mikono ya mzee ilisimama ndani ya unga. "Hukuisoma."

"Ilikunjwa. Nilimpa ikiwa imekunjwa vile vile. Nilihofu nikiifungua nitalia mbele yake."

Donge lilifunikwa kwa kitambaa, likawekwa dirishani penye jua. Walikaa wakilitazama kama wanaongoja majibu ya daktari. Baada ya saa moja kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati. Mzee Boila alikifunua, akakifunika upesi, akageukia ukuta kwa muda.

Mkate ulitoka oveni ukiwa mrefu, na kahawia, ukilia kidogo kidogo unavyopoa. Alikata vipande viwili. Binti alikipokea kwa mikono miwili, na hakukichovya kwenye chai. Alikula akilia, hakusema ni mtamu. Mzee naye alikula. Ulikuwa ule ule. Kwa hiyo mkewe aliwaza, akiwa kitandani, na penseli mkononi, na nguvu zimemwisha, kwamba mume wake ataweza. Alimwamini. Na mwaka mzima yeye, Mzee Boila, aliishi akidhani hakuachiwa kitu.

Aliisogeza karatasi katikati ya meza, akaweka kidole penye mistari miwili.

"Mpishi anasema ni mikate miwili," alisema. "Shemeji Pasi anasema ni vichwa, watu wawili wamekaa. Mimi nimeitazama siku nne. Si viazi, maana mama yako angeanza na macho. Si vitunguu, maana nywele huwa juu, na hapa juu hakuna nywele. Mama Ratiba anasema hakikuwa cha mapishi. Wewe ulikuwepo anapochora?"

"Nilikuwepo mwanzoni. Kisha akaniambia nikamletee maji, nitoke kidogo, atamalizia mwenyewe."

"Ukatoka."

"Nikatoka, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alilijua. Hata yeye alikuwa akiambiwa atoke, na alitoka. Aliinyanyua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, kana kwamba mkasi ungeweza kuona haya na kurudisha.

"Sasa nani ataniambia," alisema, "alikuwa anaanza kunichorea nini?"